FBP tatu na slaidi moja: jamaa aliyetibiwa maambukizi miezi sita kumbe ni lukemia

## Kabla sijaanza

Mimi ni mtu wa maabara, hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Kisa hiki ni cha kweli ila jina, kazi ya mgonjwa, miezi na umbali nimevibadilisha ili asijulikane, hata mtu wa mtaani kwao akisoma asimtambue. Nitamwita Baba K. Mwenyewe ameridhia kiandikwe na sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba kile kilichomleta hospitali siku ile nisikifiche, maana anasema kuna wanaume wanajifungia nacho ndani mpaka wanaharibika. Kwa hiyo kuna sehemu nitaongea wazi, mnisamehe.

Nawaandikia zaidi wenzangu wa maabara, matabibu na manesi wa vituo vya chini, lakini nimejitahidi hata asiye mtu wa afya aelewe.

## Mgonjwa mwenyewe na alikotokea

Mwanaume wa miaka 34, ana mke na watoto wawili, shughuli zake za mialoni, kununua dagaa na kuwasafirisha. Hana historia ya ugonjwa wowote mkubwa, hanywi, HIV alishapima mara mbili hana.

Mwezi wa pili alianza kuchoka. Ndo neno alilolitumia, kuchoka, siyo kuumwa. Akibeba gunia anakaa chini. Usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa, jioni vihoma vya hapa na pale, na suruali zikaanza kumpwaya kiunoni huku tumbo upande wa kushoto analiona limejaa. Akila mihogo miwili tu ameshiba.

Alikwenda zahanati. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, akapewa dawa ya malaria hivyo hivyo, "kwa sababu homa ipo". Wiki tatu baadaye akarudi, wakapima Widal, ikasoma taifodi, akapewa antibayotiki ya sipro. Hapa siwezi kushangaa sana, Widal kwa ukanda huu inasoma kwa nusu ya watu unaowakuta stendi.

Mwezi wa nne akaenda kituo kingine, cha kulipia, na hapo ndo ikafanyika FBP ya kwanza, yaani kipimo cha picha kamili ya damu. Nimeiona kwa macho yangu maana Baba K ana daftari, yale madaftari ya counter book ya watoto wa shule, kila karatasi ya kipimo ameibana humo kwa stepla. Chembe nyeupe zilikuwa 47.2. Kwa mtu mzima tunategemea kati ya 4 na 11, ukizizidisha kwa 1,000 unapata idadi kwenye tone dogo kabisa la maikrolita moja. Yeye ana elfu arobaini na saba. Chini imeandikwa kwa kalamu: *severe infection*, yaani maambukizi makali, sindano za antibayotiki ya seftriaksoni siku tano. Chembe sahani 610, nazo juu. Hb, yaani wingi wa damu, 11.8.

Mwezi wa sita FBP ya pili, sehemu nyingine: 96.3. Maelezo yakawa "UTI sugu". Azithro, kisha sindano tena. Kwa vile alisema tumbo limejaa na anaishi karibu na ziwa akapewa na prazikwanteli ya kichocho, bila mtu kumlaza kitandani ampapase.

Mwezi wa saba kaka yake akampeleka kwa mganga wa kienyeji. Mganga akamlaza, akamshika tumbo, akamchanja chale kumi na kitu kuzunguka uvimbe wa kushoto akampaka dawa. Hizo chale nitazirudia huko mbele.

## Siku aliyoletwa

Mwezi wa nane, Jumamosi, kama saa kumi jioni, bajaji imesimama mlango wa mapokezi, mke anashuka kwanza anaongea na nesi pembeni kwa sauti ya chini. Mume yuko ndani ya bajaji amejifunika kitenge cha mkewe kiunoni, kainama, hataki kushuka.

Uume ulikuwa umesimama tangu saa nane usiku, saa kumi na nne nzima, bila hamu yoyote, maumivu anasema kama unakatwa. Asubuhi alijimwagia maji ya baridi, mchana akajaribu kutembea, akanywa diklofenaki. Aliona aibu. Mke ndo aliyelazimisha.

Pale mapokezi kuna walioguna. Mmoja akasema "huyo kalamba vumbi la Kongo kazidisha", wakacheka. Mke akasikia. Baadaye aliniambia hicho ndo kitu kilichomuuma kuliko vyote vya mwaka ule, maana yeye anajua mumewe miezi miwili alikuwa hata hana nguvu ya kuamka kitandani.

Bahati, daktari wa zamu alikuwa kijana makini. Akasema mambo mawili: hii ni dharura, ikizidi masaa manne tu tayari ni hatari, na akaandika siko seli kwa sababu ndo chanzo tunachokizoea huku kwetu. Pamoja nayo akaandika FBP. Tena akamlaza chali akamshika tumbo. Bandama ilikuwa imeshuka mpaka usawa wa kitovu, ngumu kama ubao. Na zile chale za mganga zilikuwa zimefuata ukingo wa chini wa bandama kabisa, kama mtu aliyechora kwa kalamu. Daktari akasema, "Huyu mganga ndo mtu wa kwanza kumpima huyu mgonjwa." Hakuwa anatania.

## Kilichotokea maabara

Sampuli imefika kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Kipimo cha siko seli hakikuonyesha kitu. FBP nikaingiza kwenye mashine, ikafyonza, ikafikiri, ikanipa nyota nne pale kwenye chembe nyeupe. Mashine yetu ni ile ndogo, ikipita 100 haisomi. Nikarudia, nyota. Kichwani kwangu cha kwanza nikadhani imeziba, nikaiosha, nikaingiza sampuli ya mgonjwa mwingine ikasoma vizuri tu, 7.4.

Nikageuka kuiangalia chupa ya Baba K kwenye raki, ilikuwa imesimama hapo labda dakika arobaini. Jamani. Damu ya kawaida ukiisimamisha inajigawa, nyekundu chini, maji ya manjano juu, na katikati kuna kautando keupe kembamba kama uzi, hizo ndo chembe nyeupe na chembe sahani. Yake huo utando ulikuwa mnene kama upana wa kidole, rangi ya maziwa yaliyoingia tope kidogo. Ndo nikaelewa kwa nini mwaka 1845, Bennett kule Edinburgh na Virchow kule Berlin, kila mmoja kivyake, walipokutana na damu za namna hii mmoja akadhani damu imejaa usaha na mwingine akaiita damu nyeupe. Jina lenyewe lukemia maana yake ni hiyo tu, damu nyeupe, kwa Kigiriki.

Nikachanganya sehemu moja ya damu na nne za saline, yale maji ya chumvi, nikapima: 62.4. Zidisha kwa tano, 312. Laki tatu na elfu kumi na mbili.

Nikatengeneza slaidi, nikapaka rangi ya Leishman, nikakaa kwenye hadubini. Sasa hapa nitaeleza taratibu maana kisa chote kiko hapa.

Chembe nyeupe ziko za aina tano kuu kwenye damu: neutrofili ambazo ndo askari wa bakteria, limfosaiti, monosaiti, eosinofili na basofili. Zinatengenezwa kwenye uboho wa mifupa na neutrofili inapitia hatua, blasti, promailosaiti, mailosaiti, metamailosaiti, bendi, halafu ndo neutrofili kamili. Hizo za mwanzo mahali pake ni ndani ya uboho, barabarani hazitakiwi. Mtu akiwa na maambukizi makali utaona bendi zimeongezeka, labda na metamailosaiti chache zilizotoka haraka. Kwa Baba K ilikuwa kama umefungua geti la shule ukakuta wote wako nje, kuanzia chekechea mpaka form six na walimu wao. Nilihesabu chembe 200, nikapata blasti 2%, promailosaiti 3%, mailosaiti 21%, metamailosaiti 10%, bendi 14%, neutrofili 37%, eosinofili 4%, basofili 6%, limfosaiti 2%, monosaiti 1%.

Angalia vitu viwili. Mailosaiti ni nyingi kuliko metamailosaiti, yaani darasa la chini lina watoto wengi kuliko la juu yake, maambukizi hayafanyi hivyo. Na basofili 6%. Basofili kwa kawaida unaweza kuhesabu chembe 100 usione hata moja. Hakuna UTI inayoleta basofili hizo. Chembe nyingi hivyo, hatua zote zipo, basofili juu, chembe sahani juu, bandama kubwa, hiyo ni lukemia sugu ya mailoidi mpaka ithibitike vinginevyo. Na blasti kuwa 2% tu maana yake bado iko hatua ya mwanzo, ile tulivu. Zingefika 20% tungekuwa tunaongea habari nyingine kabisa.

Nikampigia daktari simu, sikusubiri karatasi ifike.

## Maamuzi ya usiku ule na sababu zake

Kwanza ni ule uume. Damu yenye chembe laki tatu inakuwa nzito, inatuama kwenye mishipa midogo, na mle ndani ikituama haitoki. Siyo vumbi la Kongo. Walimfanyia ganzi, wakavuta kwa sindano nene damu iliyokuwa nyeusi kama oili chafu, wakaosha na saline, wakarudia, mpaka kama saa mbili usiku ukalegea. Lakini ukivuta tu bila kupunguza chembe utarudi, kwa hiyo daktari akapiga simu kwa daktari wa damu hospitali ya kanda akaelekezwa: maji mengi ya mshipa, alopurino kwa sababu chembe zikifa kwa wingi zinamwaga taka zinazoumiza figo, na haidroksiurea ya kupunguza hizo chembe. Tukaanza kujiuliza haidroksiurea saa hizi Jumamosi tunaitoa wapi, nesi mmoja akakumbuka kliniki yetu ya siko seli wanayo kabatini. Ikafunguliwa. Dozi sitaandika, hiyo ni ya daktari.

Pili, damu. Hb ilisoma 8.1 na mtu mmoja akataka aongezwe chupa mbili haraka. Daktari wa kanda akakataa kwenye simu: damu tayari ni nzito, ukiongeza nyekundu juu yake unazidi kuziba, punguza nyeupe kwanza. Na mimi nikaongeza kwamba hata hiyo 8.1 isiaminike sana, maana chembe nyeupe zikiwa nyingi hivyo zinaitia ukungu sampuli na mashine inadhani ukungu ni Hb, huenda ilikuwa chini zaidi. Wakasubiri.

Tatu, sukari, na hapa tulikaribia kuchekesha. Sampuli ya kemia ilichukuliwa saa kumi na moja jioni, ikakaa, nikaja kuipima saa tatu usiku. Sukari 1.6. Ukiona 1.6 mgonjwa anatakiwa awe hajitambui, nesi akakimbia na dekstrozi mkononi. Kufika wodini anamkuta Baba K amekaa anakunywa uji na chapati, anamuuliza sista vipi mbona unakimbia. Wakamchoma kidole pale pale, glukomita ikasoma 5.8. Kumbe chembe nyeupe ni viumbe hai, zinakula, ukiziacha laki tatu ndani ya chupa masaa manne zinamaliza sukari yote humo humo chupani. Tangu hapo mgonjwa mwenye chembe nyingi hivyo sukari yake inapimwa kitandani, au sampuli inakuja inakimbizwa. Potasiamu nayo inaweza kudanganya kwa sababu hizo hizo.

## Daftari

Jumatatu mke akaja na daftari. Daktari akaniletea maabara tulisome pamoja tupange mtiririko, ndo hapo nilipopata zile namba nilizoandika juu, 47.2 halafu 96.3.

Ile ya 96.3 haikuwa ya "sehemu nyingine". Nimeandika hivyo pale juu kwa sababu mwenyewe Baba K hakuwa ameshtukia. Ni karatasi yetu, mashine yetu, na sahihi ya chini ni yangu.

Nilikaa nayo ile karatasi. Siku ile ya mwezi wa sita, nikaangalia kitabu, tulikuwa na FBP sabini na kitu na niko peke yangu. 96.3 iko chini ya 100, mashine ikaisoma bila nyota, ikachapa, nikasaini. Kuna alama ya H, yaani iko juu, pembeni yake, lakini alama ya H iko kwenye kila karatasi ya tatu. Na mashine yetu inagawa chembe makundi matatu tu, limfosaiti, za kati, na GRAN. Yake ilisema GRAN 89%. Tabibu akiona GRAN 89% anasoma neutrofili nyingi, neutrofili nyingi ni bakteria, bakteria ni antibayotiki. Hajakosea kufikiri hivyo, alichopewa ndo hicho. Lakini ndani ya hiyo GRAN mashine imezoa kila kitu chenye chembechembe, mailosaiti zimo, basofili huenda zimo, shule nzima imeitwa form six. Mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kujua ni yule mwenye hadubini, ambaye ni mimi, na hadubini iko mita mbili kutoka kwenye mashine.

Sijui kama miezi miwili hiyo ingebadilisha ugonjwa wenyewe. Ingebadilisha ile Jumamosi.

## Uthibitisho na dawa

Siku ya tisa chembe zilikuwa zimeshuka mpaka 118, akapewa rufaa. Huko wakachukua damu kwa ajili ya PCR, kipimo cha vinasaba, kutafuta BCR-ABL, majibu yakaja baada ya wiki tatu, ipo.

Kwa ufupi: mwaka 1960 Nowell na Hungerford, Philadelphia, waliona wagonjwa wa lukemia hii wana kromosomu moja fupi isiyo ya kawaida, ikaitwa kromosomu ya Philadelphia. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha siyo kwamba kipande kimepotea, ni kromosomu namba 9 na namba 22 zimebadilishana vipande. Pale zilipounganika inazaliwa jeni mpya, BCR-ABL, na protini yake inaiamuru chembe izaliane muda wote, kama bomba ambalo koki imekatika. Siyo ya kurithi, hukuzaliwa nayo na watoto hawaipati kwako. Hili la watoto mke aliliuliza mara tatu.

Imatinibu, iliyopitishwa Marekani mwaka 2001, inakwenda kukaa pale pale kwenye tundu la hiyo protini ikaliziba. Zamani wagonjwa hawa wengi walikuwa na miaka michache tu kabla ugonjwa haujageuka mkali. Sasa hivi anayemeza vizuri na damu yake ikaitikia anaweza kuishi karibu kama mtu mwingine yeyote. Ni miligramu 400 mara moja kwa siku, na chakula, na glasi kubwa ya maji. Bei yake dukani mtu wa mialoni haiwezi, lakini kuna mpango wa msaada unaoitoa bure kwa nchi zenye kipato kidogo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, unachotakiwa ni ushahidi wa kipimo. Bila kipimo hupati. Halafu kitu ambacho wengi hatukijui, ile mashine ya GeneXpert tunayopimia TB ina katriji yake ya BCR-ABL, inatoa majibu ndani ya masaa.

Wiki ya sita chembe zake 6.1, bandama haishikiki, amenenepa. Mwezi wa tatu wa dawa kiwango cha BCR-ABL kwenye damu kilikuwa 7.4%, na kinachotakiwa kwa muda huo ni isizidi 10%. Kila mtu akafurahi na kila mtu akaacha kufuatilia.

## Alivyoacha dawa

Hapa ndo mahali pa pili tulipokosea, na naona ni pagumu kuliko pa kwanza.

Imatinibu kwa watu weusi inaweza kufanya ngozi iwe nyeupe. Dawa haizibi BCR-ABL peke yake, inagusa na protini nyingine inayoitwa KIT ambayo seli za rangi ya ngozi zinaitegemea. Kuanzia mwezi wa sita wa dawa Baba K akaanza kung'aa. Uso kwanza, halafu mikono. Na dawa hiyo hiyo inavimbisha kope za macho, hasa asubuhi.

Sasa piga picha, mwanaume wa mialoni, aliyekuwa amekonda, akatoweka kwenda rufaa, karudi amenenepa, mweupe, macho yamevimba, na kila baada ya muda anapanda basi kwenda mjini kuchukua dawa za kumeza kila siku maisha yote. Mwaloni ukatoa majibu mawili: anapaka mkorogo, na anakula ARV. Mama mkwe akaja kumuuliza binti yake kama na yeye ameshapima. Wateja wawili wakaanza kununua dagaa kwa mwingine.

Mwezi wa kumi wa dawa akaacha. Hakumwambia mtu, vidonge alikuwa anavihamishia kwenye kopo la kahawa juu ya kabati, mke akajua kopo lilipojaa. Alipomuuliza, jibu lake ninalo kama alivyonisimulia: "Mimi naumwa nini sasa? Wewe unaniona naumwa?" Na kweli alikuwa haumwi. Miezi karibu mitatu haumwi.

Alirudi na jasho la usiku. Chembe 58, na safari hii slaidi niliifanya kabla mashine haijamaliza kuchapa. Sura ile ile, blasti 3%, basofili 7%. BCR-ABL 41%. Kipimo cha kuangalia kama jeni imebadilika ikaigomea dawa hatukuweza kukipata, daktari wa kanda akaamua arudie imatinibu ile ile na tuangalie miezi mitatu, kwa hoja kwamba dawa haikushindwa, haikumezwa. Ilikuwa kubahatisha kwa akili. Miezi mitatu baadaye 9%, mwaka baadaye 0.3%, na ya karibuni 0.07%.

Kilichosaidia siyo somo la umuhimu wa dawa, alishapewa hilo. Ni vitu viwili. Nesi wa kliniki alikaa na mke, kaka na mama mkwe pamoja, akawaonyesha picha ya ngozi ya mgonjwa mwingine aliyekubali, akawaambia weupe huu ni wa dawa, ukiona anang'aa ujue anameza. Sasa mama mkwe ndo anayemwangalia, akiona amerudi weusi anauliza. Na pili, Baba K akakubali kusema ugonjwa wake kwa jina kwa watu wachache wa mwaloni, saratani ya damu, ambayo ni neno zito lakini kwake lilikuwa jepesi kuliko uvumi.

## Nikichambua sasa

Kilichofanya kazi: mke kulazimisha bajaji. Daktari kutocheka na kushika tumbo. Simu moja kwa daktari wa damu, ambayo ilituzuia kuongeza damu. Kliniki ya siko seli kuwa na haidroksiurea kabatini, maana kama isingekuwepo tungesubiri mpaka Jumatatu.

Kilichoshindwa, nikianza na cha kwangu. Tumebandika karatasi kwenye mashine: chembe nyeupe zikizidi 30, au chembe nyeupe na chembe sahani zote ziko juu bila sababu, slaidi kwanza, sahihi baadaye. Namba 30 ni yetu wenyewe, tulikaa tukakubaliana tutakayoweza kuimudu kwa siku ya FBP sabini. Kwa miezi ya kwanza nyingi tulizoangalia zilikuwa maambukizi kweli, watoto wenye nimonia, mama mwenye usaha baada ya upasuaji, na TB moja. Sawa tu, slaidi ni dakika kumi.

Antibayotiki kozi nne na namba inapanda kila mara. 47, halafu 96. Kama dawa ingekuwa ya ugonjwa wake namba ingeshuka, lakini ili uone inapanda lazima uwe na karatasi zote mbili mkononi, na aliyekuwa nazo zote ni mgonjwa, kwenye daftari ambalo hakuna aliyelifungua kurasa za nyuma. Hili la daftari linaniuma, tunawaambia waje nalo halafu tunaandika ukurasa mpya tu.

Tumbo kutoshikwa, nimeshasema.

Mzaha wa mapokezi. Mgonjwa alikaa dakika ishirini ndani ya bajaji kwa sababu ya kile kicheko, na kwa tatizo lile kila saa ina bei. Mwenyewe aliniruhusu niseme, nguvu zake za kiume hazijarudi zote, zimerudi nusu. Kama kuna mtu anasoma hapa na imemkuta, imesimama zaidi ya masaa manne na haitaki kulegea, nenda hospitali, usikae na ndoo ya maji.

Na ngozi. Hakuna aliyemwambia kabla. Kichefuchefu alitajiwa, misuli kukaza alitajiwa, kubadilika rangi hapana, pengine kwa sababu ukisoma maelezo ya dawa yaliyoandikwa kwa watu wa mbali hilo linakuja chini kabisa kama jambo dogo. Kwa mwaloni siyo dogo.

Mwezi uliopita alikuja kutolewa damu. Akaniuliza, hizi dawa mpaka lini. Nikamwambia kuna nchi ambako aliyekaa miaka kadhaa na kipimo kiko chini kabisa, chini hata ya alichonacho yeye, anaruhusiwa kujaribu kuacha, ila anapimwa PCR kila mwezi bila kukosa na ikipanda tu anarudishiwa, na kwa karibu nusu yao inapanda. Sisi hiyo PCR ya kila mwezi hatuna, na hata angekuwa nayo, bado hajafika. Akaliangalia lile daftari, sasa ni la tatu, akabana karatasi mpya kwa stepla yangu, akaniambia basi kaka tutaendelea, akatoka kuwahi gari la saa nane.